Boila ya mafuta ikigoma kuwaka: mafundi wanajibu

*Ndugu mafundi, habari za kazi. Tunapanga nyumba Lewiston, jimbo la Maine. Usiku boila inayopasha nyumba joto imezimika. Nikibonyeza kitufe chekundu inanguruma kidogo, kisha kimya. Nimeshabonyeza mara 5. Nifanyeje? – Mama wa watoto 4*

Mama, pole sana. Kwanza kabisa, usikiguse tena kitufe hicho. Kila unapokibonyeza, pampu inarusha mafuta kwenye chumba cha moto. Yasipowaka hayaendi popote, yanaloanisha chumba. Cheche ikija kurudi, yatalipuka yote kwa mkupuo, na masizi yatatapakaa mpaka vyumba vya kulala. Kitufe hubonyezwa mara 1 tu. Zima swichi ya dharura (mara nyingi ina kibao chekundu, juu ya ngazi za besimenti), mpigie mwenye nyumba, na fundi akifika mwambie bila kuficha kwamba umebonyeza mara 5. Ni lazima aondoe mafuta hayo kabla hajawasha.

Huo mtambo haukuzimika kwa ukorofi. Ndani yake kuna jicho dogo linalotazama moto. Lisipouona kwa sekunde 15, au 45 kwenye mitambo ya zamani, umeme wa kichomeo unakatwa. Kwa hiyo kuna mambo matatu: mafuta hayafiki, cheche hakuna, au moto upo ila jicho halioni.

Unayoweza kukagua wewe ni haya: geji ya tangi, vali ya tangi kama iko wazi, na fyuzi. Yaliyobaki ni ya fundi mwenye leseni. Mweleze pia ulichosikia. Ikiwa moto uliwaka vizuri halafu ukakatika baada ya sekunde hizo, jicho huenda limefunikwa na masizi. Atalipima: moto ukiwaka, ukinzani wake uwe chini ya omu 1,600. Kulifuta kwa kitambaa ni kazi ya dakika moja, lakini likichafuka tena baada ya wiki mbili, mwenye makosa ni moto, si jicho.

Moto usipotokea kabisa, tunashuku filta na nozeli (kitundu kinachonyunyizia mafuta) kwanza. Chini ya tangi kuukuu hukaa tope na maji, na mafuta yakikaribia kwisha hivyo ndivyo vinavyovutwa. Filta na nozeli vibadilishwe kila mwaka, kabla baridi haijaanza.

Nozeli ni kitu kidogo na bei yake ni ndogo, ila inaharibiwa na mazoea kuliko kifaa kingine chochote. Juu yake pameandikwa, kwa mfano, 0.75, 80 na B: galoni kwa saa, pembe ya mnyunyizo, na umbo la mnyunyizo. Hiyo 0.75 ni kwa shinikizo la psi 100 (pauni kwa inchi ya mraba). Pampu nyingi za sasa zinasukuma kwa psi 140, na hapo nozeli ileile inatoa karibu galoni 0.89. Ndiyo maana "kuongeza namba ili nyumba ipate joto" kunazaa masizi. Namba sahihi iko kwenye kibati cha boila.

Baada ya kubadilisha, fundi apime moshi kwa karatasi nyeupe (kipimo ni 0 hadi 9, nasi tunataka 0 au kivuli chake tu), mvuto wa bomba la moshi, na gesi zinazotoka. Akifunga kifuniko na kuondoka bila kupima, kazi hajaimaliza, na mna haki ya kumwambia hivyo. Hakikisheni pia king'ora cha kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, kinafanya kazi karibu na vyumba vya kulala.

*Mafuta yameisha, gari la mafuta linakuja baada ya siku 2. Naweza kutia dizeli? – Msomaji, Portland, Maine*

Ndiyo, ndugu. Boila nyingi za huko huchoma mafuta namba 2, yaani mafuta ya kupasha nyumba joto, na dizeli ya kituoni ni jamaa yake wa karibu. Nunua galoni 5 katika dumu la njano. Petroli kamwe, hata kikombe kimoja. Kwa nozeli tuliyoitaja juu, galoni 5 ni kama saa 6 za moto mfululizo.

Mimina, subiri dakika 10 tope litulie, kisha utoe upepo (hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta) kama ilivyo kwa injini ya dizeli. Chomeka mpira wa inchi 1/4 kwenye skrubu ya upepo ya pampu, ncha nyingine iingie kwenye chupa. Legeza nusu mzunguko kwa spana ya 3/8, washa, acha mapovu yatoke mpaka mafuta yaje safi, kisha kaza. Moto utashika. Mtambo ukijizima ungali unatoa upepo, hapo unaweza kubonyeza tena, kwa sababu mafuta yanakwenda chupani. Skrubu ikishafungwa, ile kanuni ya mara 1 inarudi.

*Nami niko Belfast, Ireland ya Kaskazini. Nifanye hivyohivyo? – Muuguzi*

Hapana, dada. Boila nyingi za majumbani Ireland ya Kaskazini huchoma mafuta ya taa, na nozeli na hewa vimepangwa kwa hayo. Dizeli ni nzito zaidi. Utapata moshi na masizi. Tafuta madumu ya lita 20 ya mafuta ya taa, na umwite fundi aliyesajiliwa OFTEC, shirika linalosajili mafundi wa mitambo ya mafuta.

*Boila inawaka vizuri lakini bomba la vali ya usalama linadondosha maji. Niizibe? – Msomaji, Portland*

Usiizibe kabisa! Vali hiyo hufunguka kwenye psi 30 ili boila isipasuke. Soma geji: boila ikiwa baridi, kwenye nyumba ya ghorofa 2, iwe karibu psi 12. Ikianzia 12 na kupanda hadi 30 inapopata moto, kagua tangi la kutanukia, lile linalopokea maji yanapotanuka kwa joto. Bonyeza kidogo kipini cha hewa, kama cha tairi. Yakitoka maji badala ya hewa, mpira wa ndani umepasuka, na tangi hilo libadilishwe. Lakini ikiwa inapanda hata ikiwa baridi, vali inayoingiza maji ndiyo inayovujisha.