Milimita 83 au 100: ofseti kutoka kwenye mstari na kwenye bapa

Ndugu aliyeuliza anasema amepima mteremko wa mawe unaokinga ufuo upande wa Likoni, ambao hupanda mita 1 kwa kila mita 1.5 ya kwenda mbele. Katika nukta moja programu ya kifaa chake cha kupimia ilimwambia kwamba jiwe limezidi bapa la mchoro, yaani ule uso ulionyooka uliokusudiwa, kwa milimita 83, naye alipochukua kimo alichopima na kutoa kimo cha mchoro alipata milimita 100. Anataka kujua kati yake na programu nani amekosea.

Hakuna aliyekosea, kwa kuwa kila mmoja alijibu swali lake. Yeye alipima kwa wima, na programu ikapima kwa pembemraba na bapa, yaani njia fupi kuliko zote kutoka kwenye nukta hadi kwenye uso. Mwinamo huo ni wa takriban nyuzi 33.7, ambazo kosaini yake ni 0.832, na 100 mara 0.832 ni 83. Angelipima kwa mlalo kuelekea kwenye mteremko, angepata jibu la tatu, milimita 150, nalo pia lingekuwa sahihi. Katika barabara yenye mwinamo wa asilimia 2 tofauti kati ya wima na pembemraba haionekani kabisa, na ndiyo maana wengi wetu tulioanzia kwenye barabara hatukuzoea kuuliza. Ikiwa maelezo ya kazi yanataja unene wa tabaka la mawe, mimi ningefuata pembemraba. Yakitaja kimo, fuata wima.

Kwa mstari, hesabu ya ofseti, yaani umbali wa nukta kutoka kwenye mstari kwa pembemraba, ni nyepesi na ningependa kila mpimaji aifanye kwa mkono walau mara moja. Chukua mstari unaotoka A, mashariki 100 na kaskazini 200, hadi B, mashariki 130 na kaskazini 240. Urefu wake ni mita 50, na mwelekeo wake ni 0.6 mashariki na 0.8 kaskazini. Nukta iliyo mashariki 118 na kaskazini 236 imeiacha A kwa 18 na 36. Umbali wake kuufuata mstari ni 18 mara 0.6 kujumlisha 36 mara 0.8, yaani mita 39.6. Ofseti ni 18 mara 0.8 kutoa 36 mara 0.6, yaani hasi 7.2, na katika programu nilizotumia hasi maana yake ni kushoto kwa mtu aliyesimama A akiitazama B.

Maneno hayo ya mwisho yalinigharimu siku nzima. Tulikuwa tukiweka vigingi vya mtaro wa maji ya mvua huko Nyali, na mstari niliopewa ulikuwa umechorwa kutoka baharini kuja barabarani, ilhali mimi akilini mwangu nilikuwa nikitembea kutoka barabarani kwenda baharini. Programu iliendelea kunipa ofseti zake kwa milimita, nami nikaziamini, mpaka fundi mmoja mzee akasimama na kuniuliza, "Mwanangu, huu mtaro umekusudiwa kupita barazani kwa watu?" Tangu siku hiyo, kabla ya kigingi cha kwanza, hupima nukta moja ambayo upande wake naujua kwa macho. Angalia pia kwamba programu nyingi huuchukulia mstari kana kwamba hauna mwisho: nukta iliyopita B kwa mita 20 itapewa ofseti safi kabisa, na ni ule umbali wa kuufuata mstari tu utakaokuonyesha kwamba umetoka nje yake.

Bapa lina hila zaidi. Nilipopima ukuta wa matumbawe wa nyumba moja ya Mji wa Kale, mwenyewe akitaka kujua umefura kiasi gani, nilianza kwa nukta tatu nilizozipata kwa urahisi karibu na mlango. Programu ikaniambia kwamba masalio, yaani umbali unaobaki kati ya kila nukta iliyotumika na bapa lililopatikana, ni sifuri, nikafurahi. Furaha ya bure, kwa sababu nukta tatu daima hukaa juu ya bapa lao wenyewe. Sifuri hiyo haisemi lolote kuhusu ubora. Nukta zangu zilikuwa ndani ya mita moja hivi, kwa hiyo kosa la milimita 3 hapo, kwenye chokaa iliyoparuza, lingeweza kuwa kama milimita 30 mita kumi mbele yake. Nilirudia kwa nukta zilizotawanyika ukuta mzima, nikaacha bapa litafutwe kwa wastani, na baada ya hapo tu masalio yakawa na maana. Kuna programu ambazo hutafuta bapa kwa kupunguza tofauti za kimo peke yake. Hizo hazifai kwa ukuta uliosimama. Tena usichanganye nukta za prizimu (kioo kinachorudisha mwale kwenye kifaa) na za leza inayopiga ukuta wenyewe moja kwa moja kwenye ukuta mmoja, kwani kitovu cha prizimu hakigusi ukuta. Mwishowe niliteremsha timazi ya kawaida kutoka ghorofa ya juu ili nilinganishe, nayo ikakubaliana nami.

Jambo dogo la hapa kwetu: katika UTM kanda 37 Kusini, mfumo wa ramani unaoigeuza ardhi kuwa gridi bapa, Mombasa iko kiasi cha kilomita 74 mashariki ya meridiani ya kati, yaani mstari wa katikati wa kanda hiyo, na mita 100 za ardhini huwa pungufu kwa karibu milimita 33 kwenye gridi. Ofseti ya mita 7 haitaathirika sana, lakini mita 300 za kuufuata mstari zitapotea karibu sentimita 10.

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kumpelekea mhandisi jedwali lako, fungua mipangilio utazame kama umechagua wima au pembemraba, kisha uandike neno hilo kwenye kichwa cha safu, pembeni ya ile 83.