Likizo ya Juni: nifunge vitabu au tuendelee?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo Nyegezi, Mwanza. Nina watoto wawili, wa miaka 9 na 12, nawafundisha mwenyewe nyumbani. Juni watoto wa mtaani wakifunga shule, wangu nao hawashiki tena kitabu. Mwaka jana tuliporudi Julai, mdogo alikuwa amesahau kabisa kugawanya. Nifanyeje wapumzike na wasisahau?

JIBU: Marahaba, mama. Waache wapumzike, na likizoni usianze mada mpya hata moja. Kinachowaponza watoto ni kukaa majuma manne bila kuulizwa chochote cha kukumbuka. Kusoma hakupotei upesi, kwa sababu maandishi wanayaona kila siku dukani, kwenye daladala na kwenye simu yako. Kugawanya kunafuata hatua, na hatua zisipoguswa zinachanganyika.

Dakika 20 za asubuhi, kabla hawajatoka kucheza, zinatosha. Usimpe daftari la zamani apitie tu. Akiona jibu atadhani analijua, kesho umuulize hana kitu. Funga daftari, mpe karatasi tupu na maswali matano: mawili ya jana, mawili ya wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Akikwama mwache ahangaike kidogo, ndipo mfungue daftari pamoja. Kule kuhangaika kutafuta kichwani ndiko kunakokaza somo. Swali alilokosa lirudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki.

Mdogo umrudishie kugawanya kwa mikono. Chukua debe la lita 20 na sado ya lita 4. Ajaze maji kwenye debe akihesabu sado, mpaka aone mwenyewe kwamba ni tano, ndipo aandike 20 ÷ 4 = 5. Kesho yake atoe maji kwenye debe hilohilo kwa chombo cha lita 3. Atapata mara sita, na chini zitabaki lita mbili ambazo hazijazi chombo. Baki ataiona kwa macho, na hapo ndipo watoto wengi hukwama kwenye karatasi.

Mkubwa mpe kazi moja ndefu, na kwa mtoto wa Mwanza mimi ningechagua dagaa. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mwanga huwakusanya, wavuvi wakawanasa kwa wavu. Mwezi ukiwa mpevu, mbalamwezi huizidi nguvu taa, na wavuvi wengi hupumzika siku hizo. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, karibu sawa na likizo yenu nzima. Basi awe na daftari la safu tatu: tarehe, umbo la mwezi alivyoliona (alichore), na bei ya sado ya dagaa pale mnaponunulia. Kabla hajaanza aandike makisio yake: mwezi mpevu ukifika, bei itapanda au itashuka? Usimpe jibu. Mwisho achore grafu. Huenda bei isifuate mwezi sawasawa, maana dagaa wakavu wanaweza kukaa ghalani. Hilo lisikutie wasiwasi. Mwache amuulize muuzaji sababu, aandike alichojibiwa. Kwangu mimi maswali hayo yana thamani kuliko grafu yenyewe.

Mkienda mwaloni, tafadhali sana, wasiingie majini. Kichocho kipo katika fukwe za ziwa hili. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi, hasa penye majani, na hupenya ngozi hata isiyo na kidonda. Mkubwa anaweza kuuchora mzunguko huo: mtu, yai, konokono, mtu. Kama wameshazoea kuoga ziwani, wapeleke wakapimwe.

Jioni mkubwa amsomee mdogo kwa sauti, kitabu chochote wanachokipenda. Mkisafiri kwenda Sengerema, daraja la Kigongo–Busisi lina urefu wa kama kilomita 3: gari la kilomita 60 kwa saa litavuka kwa dakika ngapi? Wajibu bila karatasi.

Mkirudi Julai, siku tatu za kwanza ziwe za maswali ya Mei tu, vitabu vikiwa vimefungwa. Anapoyumba ndipo pa kuanzia, hata kama ratiba yako inasema mmeshapita hapo.