Binti ana miaka 17, Uturuki wanamwita, klabu imemfunga miaka mitano

SWALI

Mwanangu anacheza winga ya kulia katika klabu moja ya Ligi Kuu ya Wanawake. Atatimiza miaka 18 Aprili mwakani. Agosti mwaka jana alisaini mkataba wa miaka mitano. Alisaini mwenyewe, mimi nilipigiwa simu tu nikaambiwa. Sasa kuna wakala anasema klabu ya Uturuki inamtaka mwezi Januari. Anataka aende kwanza kwa viza ya utalii afanye majaribio, na sisi tumpe shilingi milioni tatu za kushughulikia safari. Viongozi wa klabu nao wanasema hatoki mpaka walipwe dola 30,000, eti fidia ya kumfundisha mpira. Je, fidia hiyo ipo kisheria? Na hiyo miaka mitano inambana kweli? Naongezea tu kwamba mshahara wake, laki mbili na nusu kwa mwezi, haujaingia tangu Julai, sasa tuko Oktoba, ila chakula na malazi wanampa.

Mama wa mchezaji, Mwanza

JIBU

Shikamoo mama. Umeuliza mambo mawili, na la tatu umelitupia mlangoni kama mtu anayeaga. Hilo la tatu ndilo zito kuliko yote. Nitalifikia, lakini nianze na uliyouliza.

Fidia ya kumfundisha. Kwa wanaume ipo. Mchezaji akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, au akihamia nchi nyingine kabla mwaka wa kalenda anaotimiza miaka 23 haujaisha, klabu zilizomlea zinaweza kudai fidia ya mafunzo. Viongozi wengi wa klabu zetu wameijulia huko, kisha wanaibeba kama ilivyo mpaka kwenye timu ya wanawake. Sasa fungua Kanuni za FIFA za Hadhi na Uhamisho wa Wachezaji, kifungu cha 20. Kinasema wazi kwamba fidia ya mafunzo haihusu soka la wanawake. Klabu nyingi za wanawake duniani bajeti zake ni ndogo, na kila binti angetembea na deni la fidia mgongoni, nani angemsajili? Kwa hiyo wakikutamkia neno "fidia", waombe kwa upole wakuandikie wanaidai kwa kifungu gani. Naamini karatasi hiyo hutaiona.

Lakini usiondoke hapo ukidhani hawana haki ya senti yoyote. Ada ya uhamisho ni kitu kingine. Maadamu mkataba uko hai, klabu ina haki ya kutaja bei ya kumwachia, iwe dola 30,000 au milioni moja, na anayemtaka akubali au akatae. Rachael Kundananji wa Zambia alipotoka Madrid CFF kwenda Bay FC ya Marekani, Februari 2024, ada ilikuwa karibu euro 735,000, na wakati ule ilikuwa rekodi ya dunia kwa wanawake. Hiyo ilikuwa bei ya mkataba ambao ulikuwa haujaisha. Mkataba ukishafika mwisho, mchezaji ni huru na bei inakufa.

Halafu kuna mchango wa mshikamano, na huu unawahusu wanawake sawasawa na wanaume. Mchezaji akinunuliwa kwenda nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka anaotimiza miaka 12 hadi ule anaotimiza miaka 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 una robo asilimia ya ada, na kila mwaka wa 16 hadi 23 una nusu asilimia. Asilimia 5 ya ada kama ile ya Kundananji ni zaidi ya euro 36,000. Nalisema hili kwa ajili ya wale makocha wa mitaani wanaolea mabinti kumi na tano kwa jezi za kuazima. Timu isiposajiliwa, na binti asiposajiliwa humo akiwa mdogo, pasipoti yake ya mchezaji, yaani orodha ya klabu zote alizosajiliwa, haitakuwa na jina la timu yenu, na siku pesa zikigawiwa hamtaitwa.

Miaka mitano. Kifungu cha 18 kinasema mchezaji aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kusaini mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu, na kipengele chochote kinachozidi hapo hakitambuliwi. Kifungu hiki ni miongoni mwa vile ambavyo kila shirikisho, likiwemo letu la Tanzania, TFF, linapaswa kuvifuata ndani ya nchi bila kuvibadilisha. Mwanao alisaini akiwa na miaka 16. Hesabu miaka mitatu tangu Agosti mwaka jana, na hapo ndipo mwisho wa kamba, hata kama karatasi imeandikwa mitano au kumi. Kwamba alisaini bila mzazi kuwepo ni hoja ya pili mkononi mwako, kwa sababu kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Ila nisikudanganye, mama: hoja hiyo peke yake isikufanye uamke kesho ukamtoe kambini. Mchezaji anayevunja mkataba bila sababu ya haki ndani ya kipindi cha ulinzi, yaani muda wa mwanzo wa mkataba ambao kwake ni miaka mitatu, anaweza kufungiwa kucheza miezi minne na kudaiwa fidia juu yake. Nimeona mabinti wawili waliokimbia hivyo wakakaa msimu mzima nyumbani. Mmoja alikuwa na kipaji ambacho mpaka leo nikikikumbuka roho inaniuma.

Sasa huyo wakala. Januari mwanao atakuwa bado na miaka 17, na kifungu cha 19 kinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18. Misamaha ipo, lakini ni ya watu wengine. Upo kwa wazazi waliohamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira, upo kwa vijana wa miaka 16 hadi 18 wanaohama ndani ya Umoja wa Ulaya, na upo kwa wanaoishi jirani na mpaka wa nchi mbili. Hata mama ukifunga virago ukaenda Ankara kumpikia ugali, umehama kwa sababu ya mpira, na FIFA haitakuelewa. Bila hati ya uhamisho wa kimataifa, ile ITC, hawezi kusajiliwa. Basi Januari anakwenda kufanya nini kwa viza ya utalii? Atafanya mazoezi bila usajili, bila bima na bila mkataba, mikononi mwa mtu aliyekwisha kula milioni tatu zenu.

Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, na majina ya wenye leseni yamewekwa wazi mtandaoni, yeyote anaweza kuyatafuta. Kwa mchezaji mdogo hawezi hata kuanza mazungumzo bila idhini ya maandishi ya mzazi. Mkataba wake na mchezaji hauzidi miaka miwili. Na analipwa kwa kamisheni kazi ikizaa, halipwi nauli na familia. Mwambie akuletee barua ya mwaliko yenye muhuri wa klabu, inayotaja tarehe za majaribio, bima na nani analipa tiketi ya kwenda na kurudi, pamoja na ridhaa ya maandishi ya klabu yake ya hapa. Akianza kusema "mama, nafasi itapotea", muache ipotee.

Kwenda nje kwenyewe si ndoto ya mchana. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden, kisha Brighton ya Uingereza. Opa Clement alitoka Simba Queens na huko Uturuki akaichezea Beşiktaş. Clara Luvanga alikwenda Saudia akaichezea Al Nassr. Mlango upo na unafunguka kihalali. Mwanao akitimiza 18 Aprili, dirisha la usajili la kabla ya msimu ujao litamkuta ni mtu mzima.

Sasa lile la mlangoni. Mshahara haujaingia Julai, Agosti wala Septemba. Kifungu cha 14bis kinasema klabu ikishindwa kulipa walau mishahara miwili ya mwezi kwa tarehe zake, mchezaji ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba. Sharti ni kwamba kwanza aiandikie klabu kuidai na kuipa muda usiopungua siku 15 walipe deni lote. Chakula na malazi si mshahara, hata wakimpikia biryani kila Ijumaa. Siku 15 zikipita kimya, klabu inayotaka dola 30,000 inaweza kujikuta haina mchezaji wa kumuuza, na bado inadaiwa.

Angalia kwanza kitu kimoja: mkataba una sahihi za pande zote, unataja mshahara, na nakala mnayo? FIFA inamtambua mchezaji wa kulipwa kuwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi na anayelipwa zaidi ya gharama anazotumia kwa ajili ya mpira. Kama mnachoshika ni fomu ya usajili tu na hizo laki mbili na nusu zinaitwa "posho", mambo yanabadilika, na mengine yanakuwa mepesi kwenu. Nakala kama haipo, iombeni kwa maandishi.

Barua ya kudai iwe fupi. Itaje miezi, kiasi, namba ya akaunti na siku 15. Ipelekwe ofisini, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga, itumwe kwa barua pepe ya klabu na kwa rejista ya posta. Kwa kuwa mchezaji na klabu wote ni wa hapa, kesi yenu inaanzia TFF, kwenye kamati inayoshughulikia hadhi za wachezaji. Siku akiwa Uturuki na klabu ya kule ikamnyima, ataweza kwenda moja kwa moja FIFA, na mchezaji halipii ada ya kufungua shauri huko, ila asikae zaidi ya miaka miwili tangu tatizo litokee.

Wakilipa ndani ya zile siku 15, haki ya kuvunja kwa deni hilo inaondoka, na mkataba unaendelea mpaka ile miaka mitatu iishe au wapatane bei. Kwa mtazamo wangu, kwa binti wa miaka 17 hilo si baya. Anapata pesa yake, anapata dakika za kucheza, na klabu inajua kuna mtu nyumbani anayesoma mikataba.

Mkataba wa nje ukija, niletee kabla ya kalamu. Kwa haraka, nitatazama kama mshahara umeandikwa baada ya kodi au kabla, na kama kuna sharti la kufaulu vipimo vya afya au kupata kibali cha kazi, kwani FIFA hairuhusu mkataba kuning'inizwa kwenye hayo. Nitatazama akiumia goti matibabu yatalipwa na nani. Ligamenti ya mbele ya goti huchanika zaidi kwa wachezaji wa kike, na kupona kunaweza kumaliza miezi tisa au zaidi. Na nitatazama uzazi, hata kama leo mnacheka. Tangu Januari 2021 kanuni zinampa mchezaji mjamzito likizo ya wiki zisizopungua 14, angalau 8 baada ya kujifungua, kwa theluthi mbili ya mshahara, na sheria ya nchi ikiwa bora kuliko hapo inafuatwa hiyo. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland alikatwa mshahara na klabu ya Lyon ya Ufaransa akiwa mjamzito. Alishtaki, na mwaka 2022 FIFA ikaiamuru klabu hiyo imlipe zaidi ya euro 82,000. Klabu kubwa kuliko zote Ulaya kwa wanawake, mama, na bado ilibidi ashtaki.

Jambo moja la kumwambia leo jioni ukimpigia: aendelee kwenda mazoezini kila siku, hata kwa daladala ya kukopa, wakati barua inazunguka. Akigoma wiki moja tu, wao ndio watakuwa na la kuandika TFF. Awahi, na kila asubuhi akutumie ujumbe kwamba amefika uwanjani, ili tarehe zibaki kwenye simu yako.