Bastola ndani ya kasha, ufunguo mfukoni: maswali yenu kuhusu kusafiri na silaha kwa ndege

Wasomaji mnaoishi Marekani mmetuuliza mengi kuhusu kusafiri na silaha mnazomiliki kihalali. Majibu haya ni ya safari za ndani ya nchi hiyo, isipokuwa la mwisho. TSA inayotajwa humu ni shirika la serikali linalokagua abiria na mizigo viwanjani.

Nimenunua bastola ikaja na kiboksi chake cha plastiki. Kinatosha kusafiria? (Houston)

Mara nyingi hakitoshi, na TSA yenyewe inaonya hivyo. Viboksi vingi vya dukani vina tundu moja tu la kufuli, karibu na mpini. Ukikifunga pale, pembe za upande wa pili zinabaki zinacheza. Kipime hivi: weka kufuli, shika pembe mbili za mbali, uzivute kama mtu anayebandua kifuniko cha ndoo. Kidole kikipenya, kiboksi hakifai, hata kama kufuli lenyewe ni la kuvunjwa kwa tindo.

Sheria inataka kasha gumu, lililofungwa kabisa, lisilofunguka kwa kulazimisha. Kama lina matundu mawili au manne ya kufuli, yajaze yote. Halilazimiki kuwa mzigo wa peke yake: kasha dogo la bastola linaweza kukaa ndani ya begi la nguo, hata la kitambaa. Kinachotakiwa kuwa kigumu ni kile kilichobeba silaha. Ila kasha dogo lina hatari yake, kwani mwizi halifungui, analichukua lote. Ndiyo maana mengi huuzwa na waya mnene wa chuma. Upitishe waya huo kwenye fremu ya mpini ndani ya begi, kisha ubanwe na mfuniko wa kasha.

Kasha la bunduki ndefu ni mzigo unaojitegemea. Lipime nyumbani, maana likizidi kilo 23 kwa kawaida utalipia uzito.

Niweke kufuli la TSA au la kawaida? (Columbus)

Yote mawili yanakubalika. Sisi tungeweka la kawaida, zito. Kanuni inasema ufunguo au namba za kasha la silaha abaki nazo abiria mwenyewe, ilhali kufuli la TSA kwa maumbile yake lina ufunguo mwingine mikononi mwa wakaguzi. Na si wakaguzi peke yao: picha za funguo hizo zilivuja, na mwaka 2015 watu walikuwa wakizichapa nyumbani kwa printa za plastiki. Kufuli la TSA liweke kwenye begi la nje lenye nguo, ili mkaguzi afungue bila kukata.

Nikifika kaunta nasema nini? Naogopa kuitiwa polisi. (Minneapolis)

Usianze na maneno "nina bunduki" mbele ya foleni nzima. Mkabidhi mhudumu kitambulisho, kisha umwambie kwa sauti ya kawaida kwamba unataka kutangaza silaha isiyo na risasi, iliyomo kwenye mzigo unaoukabidhi. Kwake ni kazi ya kila siku. Lazima iwe kaunta ya shirika la ndege: usimpe mbeba mizigo wa nje ya mlango, wala usitumie mashine ya kujihudumia.

Atakupa kadi ndogo utie sahihi kuthibitisha kwamba silaha haina risasi. Kadi inaingia ndani ya begi, juu ya kasha au ndani yake kadiri atakavyoelekeza. Nje haibandikwi kitu. Sheria ya Marekani inakataza shirika la ndege kuweka alama ya nje inayoonyesha kuna silaha humo, kwa sababu iliyo wazi kwa kila mwizi. Mhudumu mgeni akitaka kuifunga kwenye mpini, mwombe kwa upole amwite msimamizi.

Akitaka kuona kama silaha ni tupu, fungua kasha na umwachie atazame. Usiinyanyue mpaka akuambie. Kazi ya kuondoa risasi iwe imekwisha nyumbani, si kwenye maegesho ya uwanja: toa magazini (kile kisanduku cha risasi) kwanza, ndipo uvute slaidi (sehemu ya juu inayoteleza) nyuma, uangalie chemba (tundu inamokaa risasi ya kufyatuliwa) kwa jicho na uipapase kwa kidole kidogo. Anayevuta slaidi kabla ya kutoa magazini huwa ameondoa risasi moja na kupandisha nyingine. Bastola ya silinda, zungusha uhesabu matundu yote. Kwa bunduki ndefu, kijiti cha plastiki cha rangi kali ndani ya chemba kinamaliza mjadala kabla haujaanza.

Halafu usikimbilie lango la kupandia ndege. Muulize mhudumu ungoje wapi, nawe ungoje hapo mpaka uambiwe mzigo umepita. Kama hakukutajia muda, dakika 15 au 20 si nyingi. Mashine ikitilia shaka kasha lililotangazwa, TSA huwasiliana na shirika la ndege, nalo hukutafuta ulete ufunguo. Usipopatikana, kasha halipakiwi. Ambalo halikutangazwa hukatwa kufuli na kupekuliwa, na hapo maelezo unayatoa kwa polisi.

Risasi nazo zikae wapi, na kiasi gani? (Phoenix)

Zikae kwenye mzigo wa kukabidhi tu, hata iwe moja. Ziwe ndani ya boksi la kadibodi, mbao, plastiki au chuma lililotengenezwa kwa risasi. La dukani linatosha kama halijachanika. Kuzimwaga kwenye mfuko wa nailoni au soksi hairuhusiwi. Risasi za silaha ndogo zinaweza kulala kasha moja na bastola.

Magazini yenye risasi ndiyo yanayoleta ubishi. TSA huyakubali endapo risasi zimefunikwa kabisa, yaani mdomo wa magazini una kifuniko au umo ndani ya pochi inayoziba, na yote yamo ndani ya kasha gumu lililofungwa. Mashirika mengine ya ndege huyakataa kabisa. Jirahisishie: yaende matupu, risasi zirudi boksini.

Kiasi hutegemea shirika, na kiwango cha kawaida ni kilo 5 kwa abiria pamoja na boksi zake. Boksi la risasi 50 za milimita 9 lina karibu kilo 0.6, kwa hiyo unapata saba au nane. Za shotgani, boksi la 25 hupita kilo moja, basi hesabu manne. Baruti za unga haziendi kokote, si mkononi si chini.

Mume wangu alisahau bastola kwenye begi la mgongoni, akakamatwa kwenye ukaguzi. Ana kibali cha kubeba. Hakimsaidii? (Atlanta)

Pole, dada. Kibali cha jimbo hakivuki mashine ya ukaguzi. Na hayuko peke yake: mwaka 2023 TSA ilikuta silaha 6,737 kwenye vituo vya ukaguzi, asilimia 93 zikiwa na risasi, na uwanja wa Atlanta ndio uliongoza. TSA haichukui silaha, inaita polisi wa eneo hilo, na hao hufuata sheria ya jimbo lao. Kando na hayo kuna faini ya TSA yenyewe, ambayo inaweza kupita dola 14,000, na kama alikuwa na PreCheck (mpango wa TSA wa kupita ukaguzi kwa haraka) ataipoteza kwa angalau miaka 5. Barua ya TSA ikija asiitupe; ina muda wa kujibu, na faini huweza kujadiliwa.

Begi linalokwenda uwanja wa shabaha lisiwe lile la safari. Tatizo ni mazoea tu: mkono unaweka kitu mfuko wa pembeni, wiki tatu baadaye begi linajazwa nguo bila mfuko ule kuguswa.

Naenda Pennsylvania, tiketi ya bei rahisi inapitia Newark, New Jersey. Kuna neno? (Salt Lake City)

Lipo, na njia yako hiyo ndiyo iliyomponza mtu. Sheria ya shirikisho ya 1986 inakulinda unapopita jimbo lenye masharti makali, mradi silaha ni halali unakotoka na unakokwenda, haina risasi, na huifikii kwa urahisi safarini. Mwaka 2005 abiria mmoja kutoka Utah alikosa ndege ya kuunganisha Newark. Akakabidhiwa mzigo wake, akalala nao hotelini, asubuhi akarudi kaunta na kutangaza silaha kama inavyotakiwa. Akakamatwa, akalala mahabusu siku kadhaa. Mashtaka yalifutwa, lakini alipodai fidia, mahakama ya rufaa ilimkatalia mwaka 2010: usiku ule hotelini silaha ilikuwa mikononi mwake, hivyo ile kinga haikumhusu.

Kwa hiyo usipokee begi New Jersey wala New York. Ndege ikikwama, liambie shirika libaki nalo na lilipeleke moja kwa moja mwisho wa safari, hata ulale na nguo ulizovaa. Bora zaidi, lipa zaidi kidogo upite Charlotte au Dallas.

Niko hapa kwa viza ya mwanafunzi. Naweza kubeba bastola ya binamu yangu? (Dallas)

Usiiguse. Mwenye viza ya muda haruhusiwi kumiliki wala kushika silaha au risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji. Kosa ni la shirikisho, na linaweza kuondoka na viza yako. Binamu asafiri nayo mwenyewe, na ufunguo abaki nao yeye.

Nafanya kazi kampuni ya uwindaji. Mgeni wetu anatoka Texas na raifo mbili. Nimwambie nini mapema? (Arusha)

Kabla hajaondoka, apeleke raifo zenyewe ofisi ya forodha ya Marekani akajaziwe Fomu 4457, yenye namba za utambulisho za kila silaha. Asipokuwa nayo, kurudi nazo kwao kutakuwa kesi. Kibali cha kuingiza silaha Tanzania kwa muda mkishughulikie ninyi mapema, na namba zifanane herufi kwa herufi. O ikisomwa sifuri, mgeni atakesha uwanjani.

Kisha angalia njia anayopita. Kila nchi anayobadilishia ndege ina sheria zake, na shirika huhitaji kuombwa idhini kabla. Akitaka kupitia Nairobi, mkumbushe kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977, hivyo asitegemee kueleza "nakwenda kuwinda" akapitishwa. Na silaha zisitoke nje ya eneo la kuunganisha. Risasi za raifo za kipimo cha .375 ni nzito, karibu gramu 40 kila moja. Akibeba 100 ni kilo 4 kabla ya kuhesabu boksi zake, na kikomo ni kilo 5.