Unaomba udaktari wa mifugo? Usiishie kusema unapenda wanyama

Wadogo zangu wanaomaliza sekondari wananiuliza sana hili swali, kaka nifanyeje nipate nafasi ya udaktari wa mifugo, na wakinitumia barua zao nizipitie kabla hawajaaplai karibu zote zinaanza vilevile, "tangu nikiwa mdogo napenda sana wanyama". Sasa hakuna ubaya kuwapenda, ila fikiria yule anayezisoma ana rundo zima mezani na hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba anawachukia. Yeye anachotaka kujua ni kama huyu mtu anaijua kazi yenyewe, ameshaiona kwa karibu ikiwa chafu na inanuka, na bado anaitaka.

Kwahiyo kama bado una muda kabla ya dirisha la maombi, nenda kakae na daktari. Mimi nilienda mwenyewe asubuhi na gambuti zangu nikasema sitaki hela, nataka kuangalia, na mkitaka nisafishe mabanda nitasafisha. Nikasafisha kweli, tena sana, na nisikufiche ndo sehemu kubwa ya siku za mwanzo, ila ukiwa na fagio mkononi unasikia kila kitu daktari anachomwambia mteja. Na usikae sehemu moja tu. Kliniki ya mbwa na paka ni dunia nyingine kabisa na zizi la ng'ombe wa maziwa, halafu kuna machinjio ambako daktari anapasua tezi na ini kutafuta dalili za kifua kikuu na minyoo kabla nyama haijamfikia mlaji. Machinjio watu wanaikwepa, nawaelewa, ila nenda hata siku moja maana kule ndo utaelewa kwamba hii kazi nusu yake ni kulinda watu.

Kuna usiku tuliitwa kwa mtamba aliyeshindwa kuzaa, miguu ya mbele ya ndama imetoka ila kichwa kimegeukia nyuma. Daktari akavua shati, akajipaka sabuni mpaka begani, akalala ubavu kwenye matope na kuanza kumsukuma ndama arudi ndani kila mama akipumzika kusukuma, kwasababu ukivuta na kichwa kimekaa vile unaweza kumuua ndama na kumchana mama. Mimi nilishika tochi na mkia, basi. Mwenye ng'ombe kila baada ya muda anauliza atapona, atapona, na daktari mkono uko ndani, jasho linamtoka, anamjibu taratibu kwamba mama ana nafasi nzuri, ndama sijui bado. Hakumtisha na hakumdanganya. Mambo kama hayo ndo ya kuandika kwenye barua yako, sio "nilipata uzoefu mkubwa".

Na ili uyakumbuke lazima uwe na daftari. Andika usiku huohuo mnyama gani, alikuwa na nini, daktari aliamua nini na wewe ulibaki na swali gani. Langu lina paka aliyeletwa akiwa hoi, ufizi umebadilika rangi kuwa kama kahawia, kumbe mwenyewe alimpa paracetamol kwa nia njema kabisa. Mwili wa paka hauwezi kuivunja ile dawa kama wetu, damu inashindwa kubeba oksijeni na hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Nilirudi nyumbani nikasoma kwanini, na hiyo kusoma kwanini ndo wanaipenda kwenye maombi, kwasababu inaonyesha huendi tu kushangaa.

Upande wa masomo sina maneno mengi, biolojia na kemia ndo zinaangaliwa kwanza karibu kila mahali, fizikia na hesabu zinategemea chuo. Ila soma masharti ya chuo chenyewe, usimsikilize rafiki wa rafiki. Mifumo inatofautiana sana, Uingereza vyuo vingi ni miaka 5 na unaweza kuingia moja kwa moja kutoka sekondari, Marekani kwa kawaida unapita chuo kwanza ndo unaingia kusoma mingine 4. Kuna vyuo vinataka masaa ya uzoefu yaliyosainiwa, hivyo omba saini kabla hujaondoka kwa daktari, ukirudi baada ya mwaka huenda ameshahama. Na kitu ambacho watu wanasahau, ulizia kama digrii ya hicho chuo inatambulika na baraza la madaktari wa mifugo la nchi unayotaka kufanyia kazi, maana bila usajili wa baraza hutibu mtu, yaani hutibu mnyama.

Ukiitwa kwenye usaili usikariri majibu. Mimi niliambiwa nimwelekeze mtu jinsi ya kufunga kamba za viatu kwa mdomo tu, bila kutumia mikono, nikaona kama utani, baadae ndo nikaelewa walikuwa wanapima kama naweza kumweleza mfugaji kitu hatua kwa hatua bila kumchosha. Halafu yakaja ya maadili: mtu analeta mbwa mzima hana ugonjwa, anataka achomwe sindano afe kwasababu anahama, utafanyaje? Usikimbilie kumhukumu. Uliza kwanza kwanini, taja kumtafutia mbwa makao mengine, taja sheria, na ukubali kwamba mbwa ni wa mwenye mbwa hata kama roho inakuuma. Wanasikiliza unavyofikiri tu.

Pia uwe unajua yanayoendelea kwenye fani. Sotoka, ule ugonjwa uliokuwa unaua ng'ombe kwa wingi, ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ugonjwa wa pili katika historia baada ya ndui, na ukiweza kueleza chanjo ilichangiaje utaonekana uko makini. Soma usugu wa dawa, yaani vijidudu kuzoea dawa mpaka haviuliwi tena, na ujue kwanini ng'ombe aliyechomwa antibayotiki maziwa yake hayauzwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa zipite. Kichaa cha mbwa ndo usiseme, dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona.

Ukikosa, andikia chuo uulize kilichokuangusha ni maksi au usaili, wapo wanaojibu. Stashahada ya afya ya wanyama au digrii ya sayansi ya wanyama ni njia ya heshima tu, na wapo niliosoma nao waliopitia huko, kwenye mazoezi ya vitendo walikuwa wanatuacha mbali. Ila usiichukue kwa kudhani itakuingiza udaktari wa mifugo moja kwa moja, uliza chuo kwanza kwa maandishi.

Ukipata, kabla hata hujanunua koti jeupe ulizia chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda, maana ile ya kichaa cha mbwa inachomwa zaidi ya mara moja na vyuo vingine havikuruhusu kugusa wanyama mpaka umalize.