Simulesheni ya kuchoma uvimbe wa ini: usiguse volti, tafuta mshipa mkubwa

Habari wakuu. Nimesoma swali la mdogo wetu anayemalizia mradi wake wa uhandisi tiba, na kwa kuwa nilipita njia hiyohiyo naomba nijibu kwa urefu. Kwa wanaoingia sasa hivi: ameiga kwenye kompyuta uchomaji wa uvimbe wa ini kwa sindano ya umeme wa mawimbi ya redio, dakika 10. Kompyuta inampa tufe safi la nyama iliyokufa. Picha za CT alizopewa na msimamizi wake zinaonyesha eneo dogo zaidi, tena upande mmoja limelika, pale unapopita mshipa. Anauliza kama ashushe volti hadi majibu yalingane.

Mdogo wangu, usishushe. Ukubwa utalingana, umbo litabaki la uongo, na pale ulipolika ndipo penye habari yote. Seli za saratani zikibaki hai pale, uvimbe utarudi pale. Huku kwetu saratani ya ini inatokana sana na homa ya ini B na sumukuvu, na mgonjwa anayebahatika kugunduliwa wakati uvimbe bado ni mdogo wa kuchomwa kwa sindano anastahili hesabu ya kweli.

Mlinganyo unaoutumia ni ule ambao karibu sote tunaanza nao, wa Harry Pennes wa mwaka 1948. Pennes hakuwa akichoma uvimbe. Alikuwa akipima joto ndani ya mkono, chini ya kiwiko, kwa watu waliotulia tu, akipitisha waya mwembamba wa kupimia joto katikati ya nyama. Kwenye mlinganyo wa kawaida wa mpitisho wa joto aliongeza kipande kimoja: damu inaingia ikiwa na joto la ateri, inatoka ikiwa na joto la nyama, na tofauti hiyo ndiyo joto iliyolibeba. Kwa kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, ni sawa kabisa, maana damu imetapakaa kila pembe na inakaa muda wa kutosha kupata moto. Lakini ini linapokea takribani lita moja na nusu ya damu kwa dakika, robo tatu yake kupitia vena kubwa inayotoka kwenye utumbo, na kabla haijafika kwenye kapilari damu hiyo inapita kwenye mishipa minene. Mlinganyo wa Pennes hauna mshipa. Hauoni kwamba kuna mto unapita kando ya moto wako.

Piga hesabu mwenyewe. Chukua mshipa wenye kipenyo cha milimita 5, damu ikienda sentimita 10 kwa sekunde. Hizo ni mililita 2 hivi kila sekunde. Ili kuipandisha damu hiyo digrii moja tu unahitaji wati 7 na nusu, mfululizo, dakika zote 10. Sindano yenyewe inatoa makumi ya wati, na nyingi zinaishia kwenye nyama. Kwa hiyo damu inaingia na 37 na inatoka karibu na 37 ileile. Sasa chukua kamshipa ka milimita 1, damu ikienda sentimita 2 kwa sekunde: kipande cha sentimita 3 tu kinatosha kuipasha hadi ikaribie joto la nyama inayoizunguka. Kamshipa hako Pennes anaweza kukabeba. Ndiyo maana madaktari wengi hutaja milimita 3 kama kipenyo ambacho kuanzia hapo mshipa unaanza kuiba joto waziwazi.

Mimi sikuamini hadi nilipoona kwa macho. Nilipokuwa nasoma shahada ya pili nilikuwa na modeli kama yako, tufe zuri, nikalipeleka kwa msimamizi wangu nikijua nimemaliza. Akaniambia nenda bucha. Nikanunua ini la ng'ombe la asubuhi hiyo, nikalifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuliweka kwenye maji ya nyuzi 37 hadi katikati yake pakawa na joto hilo. (Usiruke hatua hii. Ini la kwenye friji linaanza na nyuzi chache tu, na jaribio zima linaharibika.) Nikapitisha ndani yake bomba jembamba la kioo la milimita 5, pampu ikisukuma maji ya nyuzi 37, mililita 120 kwa dakika. Sindano niliichoma sambamba na bomba, nafasi ya milimita 5 kati yao.

Baada ya dakika 10 nilikata ini kwa kisu kirefu, kukingama na bomba. Nyama iliyoiva ilikuwa imepauka, rangi ya kijivu inayoelekea weupe, katikati kuna weusi kidogo ilipogusa sindano. Upande usio na bomba duara limekaa vizuri. Upande wa bomba duara limekatika, kama mtu aliyeng'ata chapati, na kulizunguka bomba kuna utepe wa nyama nyekundu, laini, mbichi kabisa. Niligusa kwa kidole nikalinganisha na ile iliyoiva. Ini la bucha halina damu inayotembea kwenye kapilari, kwa hiyo kile kipande cha Pennes kilikuwa sifuri. Kazi yote ile ilifanywa na bomba moja.

Sasa utaratibu ninaokushauri. Kwanza fanya modeli mbili za mipakani. Moja bila mshipa, kama uliyonayo. Ya pili chora mshipa kama bomba, kisha ukuta wake uushikilie kwenye nyuzi 37 moja kwa moja, bila kuhangaika na mwendo wa damu. Ya kwanza itakupa eneo kubwa, ya pili eneo dogo, na kwa mshipa wa milimita 5 ukweli utaukuta karibu sana na lile dogo. Sababu ni kwamba nyama inapitisha joto polepole mno, kama wati 0.5 kwa mita kwa digrii. Foleni iko kwenye nyama. Damu ikishapokea joto, kulibeba kwake ni kazi nyepesi.

Ukitaka kwenda mbele zaidi, weka myuko, yaani joto linalobebwa na damu inayotembea, kwenye ukuta wa mshipa. Hapa kuna kosa ambalo nimeliona kwenye ripoti nyingi, na mimi nililifanya. Mtu anafungua kitabu cha uhamishaji joto, anakuta namba ya Nusselt (kipimo cha jinsi kimiminika kinachotembea kinavyochukua joto la ukuta) ya 3.66 kwa mtiririko tulivu ndani ya bomba, anaibandika. Hiyo 3.66 ni ya mtiririko ambao joto lake limeshakomaa, yaani joto la ukuta limeshapenya hadi katikati ya bomba. Kwa mshipa wetu joto linahitaji safari ya sentimita 90 hivi ili likomae, na hakuna ini la binadamu lenye urefu huo. Katika sentimita 3 zinazopashwa moto, namba ya Nusselt inakaribia 15, yaani mara nne. Hata hivyo usitegemee muujiza: sindano ikiwa milimita 5 kutoka kwenye mshipa, marekebisho haya husogeza mpaka wa nyama iliyokufa kama nusu milimita. Nusu milimita hiyo iko ukutani mwa mshipa, pale pale tunapopaogopa, kwa hiyo mimi huiweka.

Jambo lingine linakwenda upande wa pili. Nyama ikishaiva, kapilari zake zimeganda na damu haipiti tena. Modeli yako bado inaipoza nyama iliyokufa kwa damu isiyokuwepo. Funga kipande cha Pennes kwenye hesabu ya uharibifu, inayojumlisha joto na muda kujua nyama imeungua kiasi gani, ile ya Henriques na Moritz ya 1947, ili uharibifu ukifika 1 upitaji wa damu uwe sifuri. Hili litaongeza eneo lako, na utaona kama mambo yanazidi kuharibika. Vumilia. Kosa moja lilikuwa linafunika kosa jingine, na yote mawili lazima yatoke.

Na kama ramani yako inaonyesha nyuzi 130 au 140 karibu na sindano, umesahau kwamba sehemu kubwa ya ini ni maji. Kwenye 100 yanachemka, yanakula nishati nyingi kugeuka mvuke, nyama inakauka, ukinzani wa umeme unapaa na mashine halisi inapunguza nguvu yenyewe. Ongeza joto fiche la mvuke kwenye modeli, na upitishaji wa umeme uufanye uongezeke kama asilimia 2 kwa kila digrii kisha uporomoke nyama inapokauka.

Kuhusu swali lako la mwisho, kama kuna faida ya kumwambia daktari haya yote: ipo, kubwa. Madaktari hulenga kuchoma milimita 5 hadi 10 za ziada kuuzunguka uvimbe. Kwenye upande wa mshipa ziada hiyo haipatikani bure. Anaweza kusogeza sindano, kuchoma mara mbili kutoka pande mbili, kuhamia kwenye sindano ya mawimbi ya mikrowevu ambayo hupasha nyama kwa haraka zaidi na haitegemei sana mpitisho, au akiwa amefungua tumbo, kubana kwa muda mishipa inayoingia ini, mbinu ambayo James Hogarth Pringle aliieleza mwaka 1908 kwa ajili ya kuzuia damu kwa majeruhi. Kwenye modeli yako kubana huko ni kuweka kasi ya damu sifuri na kuendesha upya. Fanya hivyo, weka picha mbili ubavu kwa ubavu, na ukurasa huo ndio daktari atakaousoma.

Pima kipenyo cha mshipa kwenye zile CT na umbali wake kutoka kwenye sindano, uandike hapa pamoja na kasi ya damu unayotumia. Nikitoka kazini jioni nitakupigia hesabu ya ukuta wa mshipa tulinganishe.