Maghorofa peke yake hayapunguzi hewa ukaa: pima njia kwanza

Aliyeuliza anataka kujua kama mtaa wa maghorofa hutoa hewa ukaa kidogo kuliko mtaa wa nyumba za chini zenye viwanja vikubwa. Na kama ni hivyo, mbona kuna maghorofa ambayo kila asubuhi foleni ya magari inaanzia getini?

Maghorofa peke yake hayafanyi makubwa. Mwaka 2010 watafiti wa mipango miji Reid Ewing na Robert Cervero walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi kuhusu jambo hili. Wingi wa watu kwa kila eneo ukiongezeka kwa asilimia 10, kilomita zinazoendeshwa kwa gari zilipungua kwa asilimia 0.4 tu. Makutano ya barabara yakiongezeka kwa kiwango hicho hicho, zilipungua asilimia 1.2. Umbali hadi katikati ya mji ukipungua kwa asilimia 10, kilomita zilipungua asilimia 2.2. Kwa hiyo anza na njia na umbali, ghorofa baadaye.

Hesabu ya mafuta ni rahisi. Lita 1 ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi za hewa ukaa, dizeli kilo 2.7. (Lita yenyewe haifiki kilo moja, uzito unaozidi ni oksijeni iliyochotwa hewani.) Gari linalokula lita 8 kwa kilomita 100, likienda kazini kilomita 12 na kurudi, siku 250 kwa mwaka, linachoma lita 480: zaidi ya tani 1 ya hewa ukaa. Ukibadilisha gari ukapata la lita 6, unaokoa kilo 276. Safari ile ile ikiwa kilomita 6, unaokoa kilo 552 kwa gari lile lile kuukuu.

Sasa mtaa wenyewe. Chukua ramani, weka kituo cha basi katikati, chora duara la nusukipenyo cha mita 400, yaani dakika 5 hivi za kutembea. Duara hilo lina hekta 50. Lakini hakuna anayepita juu ya mapaa. Pima njia halisi kutoka mlangoni hadi kituoni, gawanya kwa umbali wa mstari ulionyooka. Barabara zikikatana kila mita 80 hadi 100, utapata 1.3 hivi. Barabara zikiishia ukutani, unafika 2 na zaidi.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo hadi uigeuze kuwa eneo. Kwenye 1.3, mita 400 za kutembea zinakufikisha mita 308 tu kwa mstari, sawa na hekta 30. Kwenye 2 unafika mita 200, hekta 12.6. Kukiwa na nyumba 40 kwa hekta, kituo cha kwanza kinafikiwa na nyumba 1,200, cha pili na 500. Basi litakaloendelea kupita kila dakika 10 ni lipi? Ili kituo cha pili kifikie nyumba 1,200 bila kugusa ukuta, mtaa wake unahitaji nyumba 95 kwa hekta. Ndiyo maana nasema mara nyingi ghorofa linajengwa kufidia kosa ambalo tundu la mita 3 ukutani lingelitibu.

Vivuko navyo vinahesabiwa. Barabara ya njia sita isiyo na kivuko inageuza mita 40 kuwa safari ya kuzunguka nusu kilomita, na mwenye mtoto au mzigo atawasha gari kwa ajili ya mkate. Pima na hapo, usiishie kwenye ramani ya mtaa.

Maegesho huwa yanasahaulika. Nafasi moja pamoja na sehemu ya kugeuzia hula mita za mraba 25 hivi. Nyumba 40 kwa hekta, nafasi mbili kila nyumba, ni mita za mraba 2,000: sehemu ya tano ya ardhi yote. Ardhi hiyo ndiyo ingekuwa duka, zahanati au chekechea. Na maegesho ya bure yakiwa chini ya ngazi huku kituo kiko dakika 9, watu hawatapanda basi hata ukiwapa semina kila wiki.

Kwenye tabia za safari, daftari la siku 7 linatosha. Kila mtu wa nyumba aandike alikotoka, alikokwenda, kilomita, chombo, na walikuwa wangapi ndani. Kosa la kwanza ni kumuuliza baba tu safari ya kazini. Safari za shule, soko na kumwona mgonjwa, ambazo mara nyingi ni za akina mama na watoto, zinapotea. Kosa la pili ni gari la watu wanne kuhesabiwa mara nne. La tatu ni kuweka safari fupi kwa wastani ule ule wa lita 8. Injini ya petroli ikiwa baridi hunywa zaidi kwa kila kilomita, kwa hiyo safari ya kilomita 1.5 ni ghali kuliko inavyoonekana kwenye hesabu. Ndiyo hiyo hiyo iliyo rahisi kuifanya kwa miguu au baiskeli.

Basi nalo si takatifu. Basi la dizeli linalokula lita 35 kwa kilomita 100 hutoa gramu 945 kwa kilomita. Likiwa na abiria 40, kila mmoja anabeba gramu 24. Likiwa na 5, ni gramu 189, karibu sawa na mtu mmoja ndani ya gari la lita 8, ambalo hutoa 184. Kabla ya kudai basi zaidi, hakikisha watu wanaweza kulifikia.

Ukilinganisha mitaa miwili, angalia pia nani anahamia wapi. Asiyependa kuendesha hujichagulia mtaa wa kutembea, hivyo sehemu ya tofauti ni yake, si ya barabara. Dawa ni kupima nyumba zile zile kabla na baada ya mabadiliko, tena msimu uleule, maana mvua peke yake inatosha kuwahamisha watu kutoka baiskeli hadi gari.

Mkikubaliana kutoboa ukuta, kichochoro kiwe na upana wa mita 3 au zaidi, kiwe kimenyooka ili anayeingia aone mwisho wake, na taa iwe katikati, si mdomoni tu. Kilichopinda na chenye giza hakipitwi baada ya saa moja jioni, na mwezi haupiti kabla watu hawajadai kifungwe. Nguzo za kuzuia magari ziachane mita 1.5. Zikibanwa sana, kiti cha magurudumu kinakwama, na pikipiki bado zinapita.